Bakuli la Mbao Halitaki Kung'aa: Kasoro za Magurudumu ya Kung'arishia, Vyanzo Vyake na Tiba

Mkerezaji, yaani fundi anayechonga kwa patasi mbao inayozungushwa na mashine iitwayo kerezo, anaweza kulitoa bakuli zuri, akalipiga msasa kwa saa nzima, akalipaka mafuta, halafu akaliharibu kwa dakika mbili kwenye gurudumu la kitambaa. Nimeyaona hayo kwa wanaojifunza, nimeyaona kwa mafundi wazoefu, na yamenipata mimi mwenyewe. Malalamiko yanayorudi ni yale yale: bakuli limenyakuliwa mkononi, mikwaruzo imetokea pasipokuwapo, nta imeacha michirizi, ndani hakufikiki. Hapa chini nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi.

Kasoro nyingi huonekana kwenye gurudumu, lakini zimezaliwa kabla yake: kwenye msasa uliorukwa, kwenye vanishi isiyokauka, au siku ile ulipochagua mota. Kabla ya kutafuta dawa mpya ya kung'arishia, kagua hatua zilizotangulia.

Mpangilio wenyewe

Mpangilio uliozoeleka una magurudumu matatu. La kwanza ni la kitani, au kitani na pamba, na hupakwa tripoli, dawa ya kahawia ya unga laini wa silika ulioshikwa na grisi na kufanywa kipande kama sabuni. La pili hupakwa dawa nyeupe iliyo laini zaidi, ambayo wengi huiita almasi nyeupe ingawa haina almasi. La tatu ni la flaneli, na hilo ni la nta ya karnauba, nta ngumu inayotoka kwenye majani ya mtende fulani wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86 za Selsiasi, ndiyo maana haipakwi kwa kitambaa cha mkono kama nta ya nyuki. Inahitaji joto la msuguano.

Magurudumu haya unaweza kuyafunga moja moja kwenye kichwa cha kerezo (upande unaozungushwa na mota), kuyapanga yote matatu kwenye mhimili mmoja kati ya kichwa na mkia wa kerezo (upande wa pili unaoshikilia ncha ya kazi), au kuyaweka kwenye mota yake ya pekee, mara nyingi grenda ya mezani iliyoondolewa mawe. Kwa mabakuli, chaguo langu ni gurudumu moja moja kwenye kichwa cha kerezo. Bakuli linataka nafasi. Unaligeuza, unalilaza, unalipindua, na ukiwa na magurudumu matatu yanayozunguka pamoja, mdomo wa bakuli utagusa gurudumu la jirani wakati macho yako yako kwenye kitako. Mhimili wa magurudumu matatu unawafaa wanaotengeneza kalamu, vikasha na vitu vya kukaa kiganjani.

Sasa kasi. Gurudumu la milimita 200 likizunguka mara 1,700 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 18 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa kwa mbao. Mota ya grenda nyingi huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika kwenye umeme wa hezi 50, na karibu 3,450 kwenye hezi 60. Gurudumu lile lile kwa mizunguko 2,850 linafika karibu mita 30 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ya chuma. Kwa mbao inaleta joto, inachuna vanishi na inanyakua. Ukitaka mota ya pekee, tafuta ile ya mwendo wa nusu, yaani karibu 1,425 kwenye hezi 50 au 1,725 kwenye hezi 60. Na kabla ya yote, soma kasi ya juu iliyoandikwa kwenye gurudumu lenyewe, usiivuke.

Dalili: bakuli linanyakuliwa mkononi

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoumiza watu.

Nilikuwa na bakuli la mninga lenye upana wa sentimita 28, ukuta mwembamba, limebaki mdomo tu. Nikalielekeza gurudumuni huku ukingo wa mdomo ukitazama juu, ukipokea mzunguko uso kwa uso. Sikusikia mvuto wowote. Nilisikia kishindo kwenye kitanda cha kerezo, na nilipotazama, vidole vyangu vilikuwa bado vimejikunja kama vimeshika kitu. Bakuli lilikuwa vipande viwili chini ya meza.

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi ndicho pekee, ni kuukabili mzunguko kwa ukingo. Kerezo huzunguka sehemu ya juu ikija kwako kisha ikishuka mbele yako. Shika bakuli kwenye robo ya chini ya gurudumu, upande unaokutazama, chini ya usawa wa katikati. Uso wa mbao ulale ili kitambaa kipite juu yake na kutokea kwenye ukingo, kisiingie kwa ukingo. Fikiria unavyompapasa paka: unafuata manyoya. Unapofika mdomoni, ng'arisha nusu ya uso, simama, geuza bakuli, kisha njoo kwa upande mwingine. Kamwe usijaribu kuuvuka ukingo kwa mkupuo mmoja.

Chanzo cha pili ni kasi iliyozidi. Punguza mizunguko kwa theluthi moja kisha jaribu tena. Ukiona kazi imetulia, umepata jibu.

Chanzo cha tatu ni kugandamiza. Gurudumu la kitambaa linafanya kazi kwa ncha zake. Ukilisukuma hadi likunjike, eneo linalogusana linakuwa kubwa na mvuto unapanda ghafla. Ukisikia mota inashuka sauti, umegandamiza mno.

Hatua za kinga hazina mjadala: laza kipande cha zulia au godoro jembamba juu ya kitanda cha kerezo, ondoa kabisa kiegemeo cha patasi, shika kwa mikono miwili, vaa kinga ya uso mzima. Usivae glavu. Glavu ikishikwa, mkono unafuata. Mikono mirefu ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, nywele zifungwe, pete na saa zikae mfukoni.

Simama hapo hapo ikiwa bakuli limeanguka au kupigwa, hata kama linaonekana zima. Ligonge kwa kifundo cha kidole pande zote. Sauti ikiwa ya kupasuka sehemu moja, kuna ufa usiouona, na gurudumuni litafunguka.

Dalili: gurudumu linatetemeka au mhimili unacheza

Angalia nati kwanza. Kitambaa kipya hubonyea baada ya dakika chache za kazi, na nati iliyokuwa imekaza inalegea. Kaza, zungusha kwa mkono, kaza tena.

Ikibaki, tazama gurudumu likizunguka polepole. Likipanda na kushuka, tundu la katikati haliko katikati au kitambaa kimeliwa upande mmoja. Lisawazishe: shika ubao wenye msasa wa namba 60 uliobandikwa, uuegemeze imara kwenye kiegemeo cha patasi, uguse ukingo kwa mwendo mdogo mpaka uwe mviringo. Nyuzi zitaruka nyingi, kwa hiyo barakoa iwe usoni. Ukimaliza, kiegemeo kinatoka tena.

Lakini hatari iliyojificha iko kwenye mhimili. Mihimili mingi ya magurudumu ina mkia mchongoko wa Morse (umbo sanifu la michongoko ya mashine) unaoingizwa kwenye kichwa cha kerezo na kukaa kwa msuguano tu. Unapokereza kitu kilichobanwa kati ya kichwa na mkia wa kerezo, hakiwezi kutoka. Unapong'arisha bakuli, mkia wa kerezo umeondolewa ili upate nafasi, na unasukuma gurudumu kutoka pembeni. Mtetemo unaulegeza mchongoko kidogo kidogo mpaka mhimili mzima unachomoka ukiwa unazunguka. Tiba ni nondo ya thredi inayopita ndani ya kichwa cha kerezo, inaingia kwenye tundu la nyuma la mkia ule, na kukazwa kwa nati upande wa pili. Kama mkia wa mhimili wako hauna tundu lenye thredi, au kichwa cha kerezo lako hakina tundu la kupitisha nondo, usiufunge hapo bila mkia wa kerezo. Chagua mhimili unaojifunga kwenye thredi za nje za spindeli, ule mhimili wa kerezo lenyewe unaozunguka kichwani.

Na huo unaojifunga kwa thredi una sharti lake: usiendeshe kerezo kinyumenyume, utajifungua. Kwenye grenda ya mezani, kumbuka kwamba nati ya kushoto hufungwa kinyume na ile ya kulia. Wengi wameharibu thredi kwa kulazimisha.

Kama umesawazisha gurudumu, umekaza kila kitu, na mtetemo bado upo hata bila gurudumu lolote, tatizo ni beringi au spindeli iliyopinda. Shika spindeli mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, peleka kwa fundi wa mashine. Beringi za kichwa cha kerezo zinahitaji vifaa vya kuzivuta na kuzipanga sawa. Ukizigonga kwa nyundo, unazimaliza.

Dalili: mikwaruzo imejitokeza baada ya kung'arisha

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu wadhani dawa yao ni mbovu. Chukua bakuli, zima taa ya juu, washa taa moja ndogo uishike pembeni ili mwanga ulambe uso wa mbao. Tazama mikwaruzo imekaaje, kwa sababu mwelekeo wake unakueleza ilikotoka.

Ikiwa ni miviringo inayofuata mzunguko wa bakuli, ni ya msasa. Ilikuwapo kabla, mng'ao umeifichua tu. Bakuli lisilong'aa linasamehe, linalong'aa halisamehi. Tripoli inaweza kulainisha alama za msasa wa 320 au 400. Haiwezi kufuta za 180, na ukijaribu kuzifuta kwa kugandamiza utaunguza mbao kabla hazijaisha. Rudi 180, kisha 240, 320, 400, bila kuruka. Baada ya kila namba futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu chembe moja ya 180 iliyobaki itaendelea kukwaruza ukiwa kwenye 400. Fundi mmoja alinionyesha njia ninayoifuata hadi leo: kila unapomaliza namba moja, simamisha kerezo upige msasa kwa mkono kwa kufuata nyuzi za mbao. Miviringo inakatika, na ile iliyobaki ya namba iliyopita inajitokeza waziwazi ikiwa imekatiza njia.

Ikiwa ni nyuzi fupi zilizochanguka na kusimama, na ziko sehemu mbili tu zinazotazamana, hiyo si mikwaruzo. Bakuli lililokatwa kwenye ubao wa kulala lina sehemu mbili ambapo patasi inakutana na ncha za nyuzi badala ya ubavu wake. Hapo nyuzi hung'oka zisikatike. Hakuna gurudumu linaloziba mbao iliyong'oka. Noa patasi, kata upya kwa mkato mwembamba, kisha msasa.

Ikiwa ni mikwaruzo mirefu isiyo na mpangilio, na bakuli lilitoka msasani likiwa safi, gurudumu lako limechafuka. Ama tripoli imeingia kwenye gurudumu la dawa nyeupe, ama kuna chembe za chuma. Kila gurudumu na dawa yake, siku zote, na kila moja likae kwenye mfuko wake uliofungwa. Andika kwa kalamu ya wino ubavuni: T, N, K. Grenda yenye jiwe upande mmoja na kitambaa upande wa pili ina matatizo mawili: cheche zinaweza kuwasha nyuzi za pamba, na vumbi la chuma linalonasa kwenye kitambaa linakwaruza mbao na kuacha vidoa vyeusi vya kibuluu kwenye mbao zenye tanini, kemikali ya asili kama ile ya majani ya chai.

Kulisafisha gurudumu, lizungushe polepole huku ukilikwangua kwa kitana cha magurudumu au wembe wa msumeno wa chuma uliofungwa kwenye mpini imara. Ikiwa limeshiba mafuta au lina chuma ndani, kukwangua hakutoshi. Badilisha.

Dalili: madoa ya kahawia au meusi kwenye vinyweleo

Mbao nyeupe yenye vinyweleo vipana inapopita kwenye tripoli, dawa inakaa ndani ya vinyweleo na kukauka humo. Uso unang'aa, lakini ukiutazama karibu kuna vidoti vya kahawia kana kwamba umenyunyiziwa udongo. Kwenye mvule hutaviona sana, vinajificha kwenye rangi ya mbao. Kwenye mwembe mweupe vinakodoa macho.

Kwa bakuli ambalo limeshachafuka: mswaki laini, spiriti nyeupe (white spirit, kiyeyushi cha rangi za mafuta) kidogo, sugua kwa kufuata vinyweleo, pangusa mara moja kabla haijakauka. Jaribu kwanza chini ya kitako uone kama vanishi yako inavumilia. Fanya hivyo penye hewa, mbali na moto, na kerezo likiwa limezimwa.

Kwa bakuli linalofuata: ruka tripoli kabisa. Anza na dawa nyeupe juu ya uso uliopigwa msasa hadi 400 au 600. Au ziba vinyweleo kwa sila, ikauke, ipigwe msasa mwepesi, ndipo uende gurudumuni. Mimi siku hizi situmii tripoli kwenye mbao nyeupe hata zikiwa zimezibwa. Kinachopatikana hakilingani na hatari.

Doa jeusi kwenye mbao nyeupe lina chanzo kingine ambacho watu hawakitarajii: bakuli lililopita. Ukimaliza mpingo kwenye gurudumu, vumbi lake jeusi lenye mafuta linabaki kwenye kitambaa, na mbao nyeupe inayofuata inalipokea. Kwangua gurudumu kila unapobadilisha mbao, au tenga gurudumu la mbao nyeusi. Mninga nao unaacha wekundu.

Dalili: uso una ukungu, mabaka yanang'aa na mengine hayang'ai

Tazama kama mabaka mafu yako pande mbili zinazotazamana. Ndizo zile ncha za nyuzi. Zinakunywa mafuta kama tambi ya taa, na wakati ubavu wa bakuli umeshashiba, zenyewe bado zina kiu. Ongeza mafuta au sila sehemu hizo peke yake, mara mbili au tatu, acha zikauke kabisa, kisha rudi.

Ukungu ulioenea kote maana yake dawa imekuwa nyingi. Kipande cha dawa kiguse gurudumu kwa sekunde moja au mbili tu. Kitambaa kikibadilika rangi kidogo kinatosha. Ukiona mistari mizito ya dawa inabaki kwenye mbao kama rangi ya midomo, endelea kung'arisha bila kuongeza, gurudumu litaichukua dawa yake lenyewe. Isipotoka, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti nyeupe.

Chanzo kinachosahaulika ni unyevu. Bakuli lililokerezwa kutoka gogo bichi halishiki mng'ao; nyuzi zinasimama tena kila unapozilaza. Lipime kwa mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, limekauka.

Mafuta yasiyokauka nayo ni adui. Mafuta ya madini na mafuta ya nazi hayakauki yakawa magumu milele. Bakuli lililopakwa hayo likiguswa na gurudumu, kitambaa kinalowa, dawa inageuka tope, na gurudumu zima linaharibika kwa ajili ya bakuli moja. Unayotaka kwenda nayo gurudumuni ni mafuta yanayoganda, yaani yanayokauka yakawa magumu, kama ya kitani au ya tung (ya mbegu za mti wa Kichina), au vanishi, au shelaki iliyokomaa (mpako wa utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti).

Dalili: vanishi inanata, inavutika au imechunika kingoni

Karibu kila mara, haraka. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Mafuta ya kitani na ya tung yanaganda kwa kuchukua oksijeni ya hewani, kazi inayochukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kulingana na unene wa mipako na hali ya hewa. Kipimo changu ni pua: lifunike bakuli kwa sahani usiku kucha, asubuhi lifunue na unuse ndani. Harufu ikikupokea, bado.

Vanishi ikinata gurudumuni, acha mara moja. Usiongeze dawa ukidhani itateleza. Liweke bakuli kando wiki nzima, kisha piga msasa wa 600 mahali palipovutika na upake upya.

Shelaki ina udhaifu wake: inalainika kwa joto hata ikiwa imekomaa. Kwake ruka tripoli, tumia dawa nyeupe kwa mguso mwepesi na mizunguko isiyozidi 1,000 kwa gurudumu la milimita 200, na usikae mahali pamoja.

Kingo zinachunika kwa sababu eneo ni jembamba na shinikizo lote linakaa hapo. Viringisha ukingo wa mdomo kidogo wakati wa msasa. Ukingo mkali kama kisu hauwezi kushika vanishi. Kisha uguse mara moja tu na uondoke.

Tahadhari ya moto: vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani vinaweza kujiwasha vyenyewe vikikunjwa na kutupwa kwenye kapu, kwa sababu kuganda kwa mafuta hayo kunatoa joto. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au viloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

Dalili: nta imeacha michirizi au vidonge

Nta nyingi. Hakuna chanzo cha pili kinachokaribia hicho. Karnauba ikizidi haiyeyuki yote, inabaki vidonge vidogo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha. Chukua gurudumu safi la flaneli lisilo na nta, lizungushe kwa mizunguko karibu 1,700, pitisha bakuli kwa mwendo wa haraka mpaka joto liyeyushe kilichozidi. Kama karakana ina baridi na nta inapasuka vipande badala ya kutanda, lipashe bakuli joto kwa kuliweka ndani ya chumba chenye joto la kawaida saa chache kabla.

Dalili: ndani ya bakuli hakufikiki, au kunang'aa mdomoni na kufa chini

Gurudumu la milimita 200 halikutengenezwa kwa ajili ya ndani. Unahitaji magurudumu ya umbo la kuba, ya milimita 75 au 100, yanayokaa kwenye ncha ya mhimili. Gurudumu dogo likiendeshwa kwa mizunguko ile ile lina kasi ndogo ukingoni: la milimita 100 kwa 1,700 ni karibu mita 9 kwa sekunde, nusu ya kaka yake. Kwa hiyo linafanya kazi polepole, na kishawishi ni kugandamiza. Usigandamize. Lipe muda.

Ukubwa uuchague kwa mkunjo wa bakuli. Kuba liwe na mkunjo mkali kuliko ule wa ndani ya bakuli, ili liguse kwa tumbo lake. Likiwa kubwa kuliko mkunjo, linagusa kuta mbili kwa pamoja, na kuta mbili zinazosukumwa pande tofauti ndiyo njia rahisi ya kunyakuliwa bakuli likiwa limekuzunguka vidole. Kwa bakuli lenye kina, ongeza kiunganishi kirefu cha kufikisha gurudumu mbele, lakini kila sentimita unayoongeza inaongeza mtetemo. Kama kina kinazidi upana wa mdomo, mimi siliingizi gurudumu kabisa. Nalirudisha bakuli kwenye taya za kerezo, nalizungusha polepole, mizunguko 300 hivi, na kung'arisha kwa karatasi ya kufutia iliyokunjwa yenye nta laini. Karatasi, si kitambaa: ikishikwa inachanika na kukuacha.

Dalili: mbao inanuka kuungua au imepata nyufa nyembamba kama nywele

Umekaa mahali pamoja. Joto la msuguano linakausha ncha za nyuzi ghafla na kufungua nyufa nyembamba, hasa kwenye mbao nzito kama mpingo. Kila baada ya sekunde kumi gusa mbao kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Ikikufanya uondoe mkono, pumzika. Ufa ulioonekana uzuiwe kwa gundi nyepesi inayokauka papo hapo, lakini usilirudishe gurudumuni bakuli lenye ufa unaotokea pande zote mbili za ukuta.

Simama, usiendelee peke yako

Mota ikinuka waya ulioungua, ikivuma bila kuanza kuzunguka, au swichi kuu ikikata kila unapowasha, chomoa plagi na mwite fundi umeme. Kapasita ya mota inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo usifungue kifuniko kuchungulia. Ukipata hata mshtuko mdogo ukigusa mwili wa kerezo, waya wa ardhini una kasoro. Mashine hiyo haitumiki tena mpaka ipimwe.

Kitu kikiingia jichoni kwa kasi, usisugue na usijaribu kukitoa. Lifunike jicho bila kulibana uende hospitali.

Kifua kikianza kubana kila unapong'arisha mbao fulani, acha mbao hiyo na umwone daktari. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na tripoli nayo ni silika. Barakoa ya kuchuja chembe, inayokaa vizuri usoni, pamoja na kifyonza vumbi karibu na gurudumu, viwepo tangu siku ya kwanza.

Dalili: mng'ao umekufa baada ya wiki chache za matumizi

Karnauba ni ngumu lakini tabaka lake ni jembamba mno. Vidole vinaacha alama, maji yanaacha madoa meupe. Kwa bakuli la kupamba meza, nta ya mikrokristali (nta itokanayo na mafuta ya petroli) juu ya karnauba inavumilia zaidi alama za vidole. Kwa bakuli linalotumika kulia chakula na kuoshwa kila siku, usiweke karnauba. Paka mafuta yanayoganda mara tatu au nne, yakomae, ng'arisha kwa dawa nyeupe tu, ondoa masalia yote ya dawa kwa kitambaa safi na uishie hapo. Likififia, lioshe, lipe siku mbili likauke, paka mpako mmoja mwembamba, subiri harufu iishe, kisha lirudishe kwenye gurudumu lile lile la dawa nyeupe bila kuongeza dawa. Kitambaa chenyewe kinakuwa na ya kutosha.